Lugha Zilizo Kando ya Njia Kuu

Wazee wa Buganda hunena kwamba asiyetembea ndiye asifuye mapishi ya mamaye. Mwezi wa Juni mwaka 2018, baada ya kumaliza mafunzo mafupi ya walimu wa lugha mjini Chicago, sisi na mwalimu mwenzetu wa Kiswahili tulipata nafasi ya kuonja mapishi ya mbali. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa akirejea kwao California kwa gari, akatukaribisha tufuatane naye. Tulikuwa njiani siku kumi na moja. Waliotutangulia wamekwisha kusimulia mengi juu ya majumba marefu na utajiri wa nchi ile. Sisi twapenda kuwaeleza wasomaji jambo moja tu, lililotugusa kwa kuwa tu walimu wa lugha.

Njia tuliyoifuata kwa sehemu kubwa ni ile iitwayo Route 66. Ilianzishwa mwaka 1926 ili kuunganisha Chicago na Los Angeles, mwendo wa kilomita zipatazo 3,900. Katika miaka ya 1930, ukame na vumbi vilipowang'oa wakulima wa Oklahoma na majimbo jirani, ndiyo iliyowachukua wengi wao kwenda California kutafuta riziki. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1956, iliyotiwa saini na Rais Eisenhower, na barabara mpya zilizo pana zaidi zikajengwa kila upande. Mwaka 1985 Route 66 iliondolewa katika orodha rasmi ya barabara kuu. Leo vimesalia vipande vyake, navyo huonyeshwa kwa vibao maalumu kwa ajili ya watalii. Tulipita katika miji midogo ambayo barabara mpya iliikwepa, tukaona vituo vya petroli visivyo na petroli, na nyumba za wageni zisizo na mgeni. Njia ikihama, mji hunyauka. Tangu hapo tukawa tukijiuliza: je, na lugha nayo?

Jibu la kwanza lilikuwa juu ya vibao vya barabarani. Chicago ni jina lililotoka katika lugha ya watu wa Miami na Illinois, nalo lataja mmea wa porini wa jamaa ya kitunguu. Mississippi, mto tuliouvuka penye mji wa St. Louis, ni "mto mkubwa" kwa Kiojibwe. Oklahoma ni "watu wekundu" kwa Kichoktau. Texas latokana na neno la Wakado lenye maana ya "rafiki". Maelfu ya madereva huyasoma majina hayo kila siku, na ni wachache mno wajuao kwamba yana maana. Wenye lugha waliondolewa, majina yakabaki. Basi kuwapo kwa jina la lugha fulani juu ya kibao si dalili kwamba lugha hiyo ingali hai.

Tulipofika Oklahoma tulimwomba mwenyeji wetu atoke njiani kidogo, atupeleke Tahlequah, makao makuu ya taifa la Wacherokee. Huko majina ya mitaa yameandikwa kwa hati mbili, ya Kiingereza na ya Kicherokee. Hati hii ya pili ilibuniwa na mtu mmoja, Sequoyah, mfua fedha asiyejua kusoma Kiingereza. Aliikamilisha mwaka 1821, nayo hutumia alama 85, kila moja ikiwakilisha silabi. Mwaka 1828 Wacherokee walikuwa tayari na gazeti lao. Miaka kumi tu baadaye serikali iliwang'oa kwa nguvu kutoka nchi yao ya mashariki, wakasukumwa hadi Oklahoma, na yakadiriwa kwamba watu wapatao 4,000 walifariki katika uhamisho huo. Hata hivyo walifika na hati yao. Siku hizi wengi wa wanaokisema Kicherokee kwa ufasaha ni wazee, na kwa sababu hiyo tangu mwaka 2001 pana shule ambamo watoto wadogo hufundishwa kwa Kicherokee. Hapo tulijifunza kwamba maandishi ni hazina, lakini hayatoshi. Lugha isipokuwamo vinywani mwa watoto, kitabu hukilinda kivuli chake tu.

Siku ya nane tulikaribia nchi ya Wanavajo. Eneo lao ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mwenyeji wetu alifungua redio, na kutoka kituo cha Window Rock tukasikia mtu akitangaza kwa Kinavajo. Hatukufahamu neno hata moja, ila tulifurahi kana kwamba tumesikia sauti ya jamaa. Baadaye tulielezwa kwamba kitenzi cha Kinavajo hujengwa kwa viambishi vingi vilivyotangulia mzizi, vikionyesha mtenda na mtendwa ndani ya neno moja. Mwalimu wa Kiswahili aliyezoea kuchambua "nilimwona" ubaoni hawezi kulisikia jambo hilo asitabasamu.

Watu hao wamepitia mambo mazito. Mwaka 1864 walitembezwa kwa miguu hadi uhamishoni, wakarudishwa kwa mkataba wa mwaka 1868. Baadaye watoto wao walipelekwa katika shule za bweni ambako kusema Kinavajo kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Kisha, mwaka 1942, jeshi la nchi ile ile liliwaandikisha vijana 29 wa Kinavajo ili watunge ishara za siri kwa lugha yao, nao wakafuatwa na mamia wengine katika vita vya Pasifiki. Lugha iliyofukuzwa darasani ikawa ngao ya taifa. Siri hiyo ilifunuliwa mwaka 1968, na medali za dhahabu za wale 29 zilitolewa mwaka 2001, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa.

Jumamosi, sokoni Gallup, tuliketi mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akiuza mchuzi wa kondoo na mikate ya kukaanga. Alipojua kwamba tu wageni kutoka Afrika, alijitambulisha kwa desturi yao: akataja ukoo wa mamaye, wa babaye, na wa babu zake wawili. Kisha akangoja. Nasi tukajitambulisha kama tujitambulishavyo Buganda, tukamwambia kwamba sisi ni wa ukoo wa Mbogo, tukamweleza mbogo ni mnyama gani. Akacheka, akasema huko kwao nako walikuwapo nyati. Kisha akauliza tunafundisha nini. Tulipomjibu, aliuliza tena, "Hicho Kiswahili ndicho lugha ya ukoo wenu?" Tukamwambia kwamba sicho, ni lugha ya kukutania na koo nyingine. Akafikiri kidogo huku akigeuza mkate. "Basi mna lugha mbili za kutunza," akasema, "na ile ya kwanza haina mwingine wa kuitunza."

Ndugu walimu, swali hilo si geni kwetu. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga Kiswahili kisienezwe Buganda, akihofia hatima ya Kiganda. Katiba yetu ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wako wazazi wanaoendelea kutuuliza kama hatuji kuimeza lugha ya nyumbani. Tusiwabeze. Wameona mbali.

Ila kwa tuliyoyaona, twadiriki kuwajibu. Kilichoua lugha nyingi za Marekani si kuwapo kwa lugha kubwa ya kupatanisha watu. Ni kuhamishwa, na ni mtoto kufunzwa kuionea haya lugha ya mamaye. Nasi tulikivaa kile kibao cha aibu kilichofungwa shingoni mwa mwanafunzi aliyesema kilugha, na twajua uzito wake. Kiswahili hakina haja ya kibao hicho. Tumtakapo mwanafunzi afahamu ngeli, na tuanze na "omuntu" na "abantu", "omuti" na "emiti" aliyoyakuta nyumbani, ndipo tumwongoze hadi "mtu" na "watu", "mti" na "miti". Atakiona Kiswahili kuwa jamaa aliyekuja kutembea, wala hatakiona kuwa mgeni aliyekuja kumtoa kitini. Na mzazi atuulizapo, tumwombe naye atimize sehemu yake, azungumze na mwanawe kila jioni kwa lugha ya ukoo wake, kwa maana kazi hiyo hakuna mwalimu awezaye kumfanyia.