Chombo Kisimame Wapi?

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Leo ni mwendo wa saa moja na kidogo. Nilipokuwa kijana, hasa wakati wa masika, ilikuwa safari ya kuaga watu. Basi liliondoka Chanika, mjini Handeni, alfajiri, likapita Misima, likapita Sindeni, na hadi lilipoingia Korogwe abiria wote walikuwa wamefanana rangi kwa vumbi. Likifika lilisimama popote dereva alipoona panafaa: chini ya mwembe, mbele ya duka la mtu, karibu na reli. Hakuna aliyeuliza. Magari yenyewe yalikuwa machache. Handeni ndiyo kabisa. Lori la mahindi likisimama katikati ya njia, mwenye baiskeli alizunguka akaendelea na shughuli zake.

Korogwe ni mji uliozaliwa na njia. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902, ikafuatiwa na mashamba ya mkonge ya Magunga, Ngombezi na kwingineko, na mashamba yakaleta watu wa kila kabila. Baadaye barabara kuu inayotoka Chalinze kupitia Segera kwenda Moshi na Arusha ikakata mji katikati. Tangu hapo sehemu kubwa ya riziki ya Korogwe imetegemea gari kusimama. Basi likisimama, abiria wanashuka kula, wananunua machungwa, wananunua maji, wanaondoka. Kwa hiyo ukiuliza hapa kwetu chombo kisimame wapi, umeuliza pia nani apate na nani akose. Niliishi miaka mingi kabla ya kuona watawala wanalichukua swali hilo kwa uzito huo.

Mambo yalibadilika lami ilipokuja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 barabara ya Korogwe–Handeni ilikuwa imewekwa lami, pamoja na ile ya kilomita 54 inayounganisha Handeni na Mkata. Handeni, iliyokuwa mwisho wa njia, ikawa mji wa kupita. Noah zikaanza kukimbia kutwa nzima. Wakati huohuo zikaja pikipiki. Sheria iliruhusu bodaboda kubeba abiria kwa malipo mwaka 2009, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji: dereva awe na leseni, yeye na abiria wavae kofia ngumu, na asibebe mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Kanuni zilikuwa nzuri. Lakini ziliandikwa kwa ajili ya nchi nzima, hazikuweza kutaja kona ya mtaa wetu. Nani angesema pikipiki hizi zote, zilizojaa ghafla kwenye miji isiyokuwa hata na njia ya waenda kwa miguu, zikae wapi?

Utaratibu wa kwanza nilioushuhudia ulikuwa wa tangazo. Gari lenye kipaza sauti lilipita asubuhi likieleza kwamba pikipiki zote ziondoke eneo fulani ifikapo keshokutwa. Sitautaja mji wala ofisi iliyotangaza, kwa kuwa ilikuwa desturi ya kila mahali. Vijana waliondolewa, baadhi ya pikipiki zikakamatwa na kupelekwa kituoni. Haikupita muda wakarudi palepale. Watu wengi walisema ni ukaidi. Mimi nilikuwa nikiwaona wateja wao. Eneo lile lilikuwa jirani na lango la hospitali, na waliopanda pikipiki pale walikuwa akina mama wenye watoto mgongoni, wazee waliotoka kupima macho, mtu mwenye mguu wa bandeji ngumu anayeshikwa huku na huku. Mahali vijana walipoelekezwa kwenda palikuwa nyuma ya ukuta, mbali, hakuna kivuli na hakuna abiria. Amri haikuwauliza wagonjwa watafikaje huko.

Jambo kama hilo lililitikisa jiji kubwa kuliko miji yetu. Tarehe 3 Desemba 2018 Nairobi ilipiga marufuku magari ya abiria, yale yanayoitwa matatu, kuingia katikati ya mji. Asubuhi ile maelfu ya watu walitembea kwa miguu kwenda kazini, wazee na wagonjwa wakiwa miongoni mwao, na marufuku ikasitishwa kabla ya siku ya pili kwisha. Msongamano wa Nairobi ni wa kweli na dawa ilihitajika. Lakini waliopanda matatu walikuwa wa mwisho kuijua dawa hiyo.

Kwetu Tanzania njia ya kuwauliza wananchi ipo, tena ya zamani. Katiba, katika ibara ya 145 na 146, inazipa Serikali za Mitaa kazi ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria za mwaka 1982, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji, zinaruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo: rasimu inaandikwa, inatangazwa ili watu watoe maoni na pingamizi, inapitishwa na Baraza la Madiwani, inakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa miaka mingi hatua ya maoni ilipita kimyakimya. Karatasi ilibandikwa ubaoni, ikanyeshewa, ikachanika, na muda ukaisha bila mtu kusema kitu.

Nilipokuwa mjumbe wa kamati ya mtaa ndipo nilipoona hatua hiyo ikifanyika inavyopaswa. Rasimu ililetwa: maegesho, vituo vya bodaboda na bajaji, malori kuingia mitaani, kuosha magari kando ya njia, faini. Mtendaji wa mtaa, dada mmoja mwenye subira, alikataa kuishia kuibandika. Alizunguka nyumba kwa nyumba na vijiwe vyote, akaitisha mkutano jioni, saa ambayo mama lishe wamemaliza kuosha vyombo. Aliisoma ibara moja moja kwa Kiswahili cha kawaida, na baada ya kila ibara alinyamaza akasubiri.

Mwanzoni watu walikaa kimya. Kisha mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda akanyoosha mkono. Alisema, "Mheshimiwa mwenyekiti, sisi hatukatai kupangwa. Tunaomba tupangwe pale abiria alipo." Akataja sehemu tatu, na kwa kila sehemu alieleza pikipiki ngapi zinaweza kukaa bila kuziba njia. Alikuwa amepima kwa hatua. Nikaona mwanasheria wa halmashauri anainama kuandika.

Mama lishe akafuata. Rasimu ilitaka malori yasiingie mtaani mchana kabisa. Alisema wapakuaji wa mizigo ndio wateja wake, wakiondoka naye anafunga. Lakini pia alieleza lori linaloachwa usiku mzima mbele ya dirisha la nyumba yake, oili inamwagika, watoto hawalali. Pendekezo lake lilikuwa malori yashushe mizigo alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na usiku yalale mahali maalumu. Mwalimu aliomba gari lisisimame karibu na wanapovukia wanafunzi, maana mtoto mdogo akitokea nyuma ya Noah iliyosimama, dereva anayekuja hamwoni mpaka amefika mbele ya bampa. Mzee mmoja akauliza faini zikilipwa zinakwenda wapi. Alijibiwa kwamba zinaingia kwenye mapato ya halmashauri kwa stakabadhi, akaomba jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari.

Wa mwisho alikuwa kijana anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Alisema kidaraja cha kuvuka mtaro karibu na soko ndiyo njia yake pekee, na kila siku kinazibwa na pikipiki, kwa hiyo analazimika kuingia barabarani kwenye magari. Hakulalamika sana. Alieleza tu anapopita na anapokwama. Wale vijana wa kijiwe, waliokuwa wamekaa upande wa pili, walikubaliana palepale kwamba kidaraja kiachwe wazi, hata kabla sheria haijapita. Nina hakika amri ya kipaza sauti isingelipata jambo hilo, kwa sababu aliyeiandika asingelijua.

Mkutano ulikwama kwenye jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Kila tulipotaja sehemu, mwanasheria alieleza kwa upole kwamba ina mwenyewe. Barabara kuu ni ya TANROADS, na tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya njia. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Leseni za usafirishaji, zilizokuwa za SUMATRA, ni za LATRA tangu mwaka 2019. Stendi ni ya halmashauri. Anayesimamisha gari na kuandika kosa ni askari wa usalama barabarani, kwa Sura ya 168. "Sasa mwanangu, sisi tumwambie nani?" aliuliza bibi mmoja, na ukumbi mzima ukaitikia. Mwananchi anaona barabara moja. Ofisi zinaona tano. Jibu lililopatikana lilikuwa la busara: maoni yote yaandikwe, yapite Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri yenyewe iandikie kila taasisi kuhusu kilicho chake.

Haikuwa haraka. Miezi ilipita, wengine wakadhani jambo limekufa. Toleo lililorudi lilikuwa na mabadiliko. Saa za malori zilikuwa kama alivyosema mama lishe. Kijiwe kimoja kati ya vitatu kilikubaliwa, kingine kikasogezwa kidogo, cha tatu kikakataliwa kwa sababu kiko ndani ya hifadhi ya barabara kuu, na sababu hiyo ilielezwa. Kivuko cha wanafunzi kiliwekwa kwenye maombi ya kupelekwa TANROADS. Hatukupata yote. Ila vijana walihamia vituo vipya bila askari kuwasukuma, na wao wenyewe wakawa wanamwondoa mwenzao anayeziba njia. Kwangu huo ndio uthibitisho mkubwa kwamba tulifanya sawa.

Yapo yaliyopita juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2021 TARURA ilianza kukusanya ada za maegesho kwa mfumo wa kielektroniki, na malalamiko ya madereva yakasikika nchi nzima. Fedha kulipwa kwa namba ya malipo ya serikali ni hatua njema, maana hazishikwi mkononi. Lakini ada ya kusimamisha gari inamgusa mwenye duka na mnunuzi wake moja kwa moja, na naamini ilistahili kusomwa kwenye mikutano ya mitaa kama ilivyosomwa rasimu yetu.

Kisha kuna usiku wa tarehe 3 Februari 2023. Pale Magila Gereza, wilayani Korogwe, Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili wa marehemu na wafiwa kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na lori. Watu 17 walikufa papo hapo, na wengine wakafariki baadaye. Sisemi ajali ile ilitokana na maegesho. Nasema tangu usiku ule hakuna mkutano wa barabara hapa kwetu unaochukuliwa kuwa wa maneno matupu. Mwaka huohuo mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Lori lililoharibika na kuachwa pembeni bila viakisi sasa linakutana na basi lililojaa watu saa nane ya usiku. Sheria ndogo za mji zinazoandika saa za mchana tu zimeshapitwa na wakati, na hilo inafaa lisemwe mapema.

Nikienda Handeni siku hizi kuwatembelea ndugu zangu, nauona mji ukiwa pale Korogwe ilipokuwa lami ilipoingia. Siku ya gulio Chanika haipitiki. Tangu mwaka 2022 familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro zimejengewa kijijini Msomera, wilayani Handeni, na magari ya kwenda huko yanapitia mjini. Bodaboda, Noah, malori ya mahindi na fuso za mkaa vinagombania vipande vilevile vya ardhi. Ndugu yangu mwenye duka aliniambia wanasikia stendi na maegesho yatapangwa upya. Nilimuuliza kama ameisoma rasimu. Alisema watu watajulishwa.

Ndugu zangu wa Handeni, na wa mji mwingine wowote unaokua kwa kasi hii, msingoje kujulishwa. Nendeni ofisi ya mtaa, muulize rasimu iko wapi na mwisho wa kutoa maoni ni lini. Mchukueni mwenyekiti wa kijiwe, mama lishe, mwalimu na mtu mwenye ulemavu, mwende pamoja. Pimeni maeneo wenyewe kwa hatua kabla ya kusema. Mkishasema, ombeni muhtasari usomwe mbele yenu kabla ya mkutano kufungwa, na mhakikishe maneno yenu yamo.