Basi la Bendi na Gitaa la Jirani

Mtoto aliyelelewa Makongeni ya Thika katika miaka ya 1980 hakuhitaji redio ili asikie muziki. Jumamosi usiku ulimfuata kitandani kutoka baa za mtaani, gitaa likilia juu na besi ikitikisa mabati. Jumapili asubuhi ikawa zamu ya Jeshi la Wokovu, tarumbeta na ngoma kubwa vikiwatangulia waumini barabarani. Jeshi hilo lina mizizi Thika. Ndilo lililoanzisha shule ya wasioona hapa mwaka 1946, na ni katika safu zake ambako baadhi yetu tulishika tarumbeta kwa mara ya kwanza, tukiwa wafupi kiasi kwamba ala ilitugonga magotini.

Siku za kazi, mji ulikuwa wa ving'ora. Thika iliitwa Birmingham ya Kenya kwa ajili ya viwanda vyake: nguo, ngozi, mananasi ya mkebe, malori yaliyounganishwa hapa hapa. Waliovitumikia walitoka Ukambani, Murang'a, Nyanza na Magharibi, na wengi wao walilala Makongeni. Kila mmoja alikuja na godoro lake na muziki wa kwao. Ukitembea uchochoroni jioni ungepita Shirati Jazz ya D.O. Misiani kwenye dirisha moja na rumba ya Kongo kwenye la pili. Lakini sauti iliyokuwa yetu kuliko zote ilitoka upande wa mlima ule unaouona ukitazama mashariki, Kilimambogo. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walikuwa wamelichukua benga la Nyanza wakalipa lafudhi ya Ukambani, wakaimba Kikamba na Kiswahili, na santuri zao zikauzwa nchi nzima. Kwetu hao walikuwa watu wa jirani.

Shuleni kulikuwa na muziki wa aina nyingine. Tulikuwa na bendi ya jazi, jambo la nadra kwa shule ya wakati ule, nayo ilikuwepo kwa sababu ya mwalimu mmoja tu. Alisoma nota kama wengine wasomavyo gazeti. Alizikusanya ala zilizotupwa stoo na kutupigisha nyimbo za Duke Ellington na Glenn Miller kutoka karatasi alizozinakili kwa mkono. Alituambia kwamba Louis Armstrong alifika Kenya mwaka 1960, katika ziara yake ya Afrika, naye alilisema hilo kwa heshima ile ambayo wazee wetu waliitumia kutaja majina ya manabii.

Nataka mtu aelewe kazi iliyokuwa nyuma ya kila noti. Saksafoni hufunga matundu yake kwa vifuniko vyenye pedi za sufi zilizovikwa ngozi. Ngozi ikikauka na kupasuka, hewa huvuja na sauti zote za chini hufa. Unapuliza hadi mishipa ya shingo inasimama, na kinachotoka ni mkwaruzo. Pedi mpya zilipatikana Nairobi kwa bei ambayo shule isingeitoa. Mwalimu alimjua fundi mmoja wa kiwanda cha ngozi, akapewa masalio membamba ya ngozi ya kondoo. Tulikata viduara kwa wembe na kuvigandisha kwa gundi ya fundi viatu. Kisha Mwalimu akaingiza kurunzi ndani ya mwili wa saksafoni na kuzima taa ya chumba. Palipochungulia mwanga ndipo palipovuja. Tulirudia mpaka giza likakamilika. Springi iliyokatika iliponywa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Hivyo ndivyo ala ya kiwandani Ulaya ilivyopata mapafu ya Thika.

Mwaliko ulikuja mwaka 1986, nikiwa kidato cha tatu, katika kundi la mwisho kabisa la mtihani wa KCE kabla mfumo wa elimu wa 8-4-4 haujatufagia. Ilikuwa dhifa kubwa ya kuchangisha fedha katika hoteli moja ya Nairobi, wageni mamia, wenye viwanda na wakuu wa serikali. Bendi ya wanafunzi ingepiga wakati watu wanakula. Mama wa mpiga tromboni wetu alitushonea tai za kipepeo kutokana na bitana ya koti kuukuu. Viatu tuliazimana.

Tuliondoka mchana wa Jumamosi, dramu zimefungwa kwa kamba juu ya basi la shule, saksafoni tumezipakata. Ruiru ilikuwa kahawa pande zote. Kasarani uwanja ulikuwa bado unajengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, nasi tukainuka vitini kuutazama. Mpiga besi wetu, mtoto wa Makongeni hasa, ambaye babake alifanya kazi za zamu kiwandani, alikaa nyuma akiimba laini za besi kwa mdomo. Hazikuwa za Ellington. Zilikuwa za baa ya karibu na kwao, na basi zima likaitikia. Mwalimu, aliyekuwa mbele na dereva, hakutukataza. Niliona kichwa chake kikienda na pigo.

Ukumbini tuliwekwa karibu na mlango wa jikoni. Vitambaa vyeupe, glasi tatu kwa kila mgeni, uma ambazo hatukujua kazi zake. Tulipiga vizuri, nalisema hili bila wasiwasi, kwa maana nimesikia bendi nyingi tangu siku hiyo. Wageni waliendelea kuzungumza, na hivyo ndivyo dhifa zilivyo; muziki wake hupangwa usizuie mazungumzo. Tulipigiwa makofi ya adabu kila mwisho wa wimbo.

Baada ya hotuba, mshereheshaji alitugeukia. "Vijana, sasa tupigieni kitu cha nyumbani."

Hatukuwa nacho kwenye karatasi. Tukatazamana, na kabla Mwalimu hajasema neno, mpiga besi akaanza. Ilikuwa ile laini ya basini. Mpiga dramu akamfuata, mguu ukikanyaga pigo baada ya pigo bila kuyumba, kama benga litakavyo. Ukumbi ukabadilika. Mhudumu mmoja alisimama na sinia yake akasahau alikokuwa anakwenda. Mzee mmoja wa meza ya mbele, mtu mzito wa mwili na wa cheo, akavua koti, akasukuma kiti nyuma, akainuka. Wanawake wakamshangilia. Mazungumzo yakakoma kwa mara ya kwanza usiku ule.

Nasi wa mbele, wenye ala zinazong'aa, tulisimama kimya. Kila mmoja wetu aliujua muziki huo tangu utotoni. Tungeweza kuupiga mluzi wote, kuanzia mwanzo hadi pale sauti za waimbaji zinaponyamaza na gitaa la solo kutwaa uwanja. Lakini hakuna aliyewahi kutuonyesha njia ya kuutoa masikioni na kuufikisha vidoleni. Hatukujua saksafoni ingeingia wapi. Besi na dramu vikazunguka peke yao, vikasubiri, vikazunguka tena, na mwishowe vikapoa. Yule mzee akarudi kwenye kiti chake. Mshereheshaji akaomba kitu cha polepole cha kusindikizia matunda, nasi tukafungua karatasi.

Nimeufikiria usiku huo kwa karibu miaka arobaini, na huzuni yake hainipungui, kwa sababu kilichohitajika kilikuwepo. Wakongo walikuwa wameshaonyesha. OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa 1956, ilikuja kuwa na Isaac Musekiwa kwenye saksafoni, na baadaye Verckys, na ala hiyo haikukaa pembeni ya gitaa kama mgeni, ilijibizana nalo. Dar es Salaam walikuwa na bendi ya jazi tangu 1932, na NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 ilikuwa na wapuliza tarumbeta wake. Bendi hizo zote zilibeba jina la jazi na wala hazikumwomba mtu ruhusa. Kwetu Makongeni, mwendo wa dakika chache kutoka kwa mpiga besi wetu, waliishi wapiga magitaa waliokuwa wamerekodi River Road, Nairobi, na ambao mchana walikuwa vibarua kama wengine. Hakuna aliyewaita shuleni. Hawakuwa na vyeti, na muziki wao ulihesabiwa kuwa wa walevi.

Mwalimu alikuwa ameliona. Tukirudi usiku, taa za basi zikichimba giza la mashamba ya Ruiru, alisimama katikati ya viti akishikilia chuma cha juu. "Muhula ujao," alisema, "tutamtafuta mzee mmoja wa gitaa aje kutufundisha. Nitaandika mwenyewe zile nota." Tulishangilia hadi Juja.

Muhula uliofuata alihamishwa. Aliyekuja baada yake alifundisha hesabu na akapewa ufunguo wa stoo pamoja na funguo nyingine. Mwaka 1987 Kakai Kilonzo akafariki, kijana wa miaka thelathini na kitu. Mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Rais ya Muziki, na kwaya zetu zikajua kuimba kwa wingi viwanjani siku za sikukuu. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipunguzwa na muziki ukaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane. Katika shule zetu kisichotahiniwa hakinunuliwi hata kamba ya ngoma.

Leo ile safari ni kitu kingine kabisa. Barabara ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 inakupeleka Pangani kabla hujamaliza mazungumzo, na penye kahawa pamesimama maghorofa ya kupangisha. Hoteli zilizokuwa na kumbi za dhifa zenyewe zinaondoka: InterContinental ilifungwa 2020, na Hilton, iliyofunguliwa 1969, ikafunga milango mwisho wa 2022. Dhifa zipo bado, ila pembeni ya jukwaa hukaa kijana mmoja na kompyuta yake. Makongeni nayo imeongezeka, fezi juu ya fezi, na baa zina skrini za mpira.

Hata hivyo nisiwanyime haki wanaofanya kazi. Korogocho, tangu 2008, Ghetto Classics inawafundisha watoto wa mtaa fidla, tarumbeta na saksafoni, na mapato ya tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza 2014, yalielekezwa huko. Juma Tutu anapuliza saksafoni yake juu ya mapigo ya pwani na kuimba kwa Kiswahili. Nikiwasikia vijana hawa nasikia kile tulichokosa, na furaha yangu ina kidonda ndani yake, maana tulikuwa hatua moja tu kabla yao, na hatua hiyo ilikuwa muhula mmoja.

Sasa Gredi ya 10 imeingia sekondari ya juu, na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo umo kwenye mtaala kwa jina. Muziki unaweza tena kuwa somo la mtu mzima anayetaka kuishi nao. Ndiyo maana mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta mzee mmoja wa magitaa, miongoni mwa wachache waliobaki Makongeni. Anauza vocha na kutengeneza pasi za umeme. Nilimweleza habari za besi iliyozunguka peke yake ukumbini. Alinisikiliza, kisha akaniuliza ilikuwa ufunguo gani. Nilipomwambia, akaonyesha kwa vidole juu ya kaunta mahali ambapo pembe zingeingia: baada ya mzunguko wa pili, nusu pigo kabla ya gitaa, fupi fupi, zisikae.

Nikamwuliza kama angekubali kufundisha, shule ikimwita.

"Mara moja kwa wiki naweza, kijana," alisema. "Lakini wanunue nyuzi. Zangu zimekatika mbili."