Shanta Mbili Katika Mlima wa Mvua

Mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, ni miongoni mwa mahali ambapo watu wa asili nyingi huonana kila siku. Hapo ndipo walipofahamiana vijana wawili. Mmoja ni mwana wa askari polisi. Mwenzake alizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mama yake alivuka mpaka kutoka Kongo ya Mashariki akiwa na kitita kichwani.

Vijana hao waliweka akiba mwaka mzima ili wapande Mlima Rwenzori. Mwana wa polisi alitamani kuiona theluji. Mwana wa Nakivale alitamani kusimama juu na kuitazama nchi ya mama yake kwa upande wa pili.

Waliondoka alfajiri kwa basi, kila mmoja na shanta yake mgongoni. Ndani mlikuwa na blanketi, sweta, soksi za akiba na unga wa posho. Basi lilipita Ishaka, likateremka bondeni, likavuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru, kisha likavuka mstari wa Ikweta karibu na Kikorongo. Jioni waliingia Kasese, mji ambao reli iliufikia mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Kesho yake pikipiki iliwafikisha Nyakalengija, mlangoni mwa hifadhi.

Huko walilala katika nyumba ya wageni ya bei nafuu. Chumba kimoja kilikuwa na vitanda vingi, na Mjerumani alilala karibu na mwanafunzi wa Kampala. Kila mtu aliosha sahani yake, akaanika soksi zake karibu na moto, na hakuna aliyeulizwa cheo chake. Ama kwa hakika, maisha ya namna hiyo si mageni kwa aliyepata kukaa kambini.

Mlimani hapapandwi bila kiongozi. Kiongozi na wapagazi wengi ni Wakonzo, wenyeji wa mlima huo. Wanaijua njia hata pale ambapo matope humeza mguu hadi gotini, na ndiyo maana buti za mpira hushinda viatu vya gharama. Njia hupita msitu mnene wenye mbega na vinyonga wa pembe tatu, kisha mianzi, kisha miti iliyovikwa ndevu za kuvu. Usiku wa kwanza walilala kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651 juu ya usawa wa bahari. Mvua ilipiga bati hadi asubuhi.

Mlima huo umeona mengi. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kilifikiwa mwaka 1906 na msafara wa Mwitalia, Mtawala wa Abruzzi. Mwaka 1997 hifadhi ilifungwa kwa sababu ya waasi, ikafunguliwa tena mwaka 2001 baada ya askari kurejesha usalama. Barafu yake, ambayo mwaka 1906 ilienea karibu kilomita za mraba 6.5, leo imebaki chini ya kilomita moja ya mraba.

Siku ya tatu, katika bonde la Bujuku, mwana wa polisi alishikwa na kichwa. Akatapika, akaanza kuyumba kama mlevi. Alisema kwamba ni uchovu tu, maana aliona haya kupoteza akiba ya mwaka. Kiongozi, mtu mzima, aliwaita wanangu, akawaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa hewa nyembamba. Dawa yake ni kuteremka mara moja, wakati mgonjwa bado ana miguu ya kutembea. Akaongeza kwamba mwenzake, aliye mzima, angeweza kuendelea pamoja na msaidizi wake.

Mwana wa Nakivale aliyatazama mawingu yaliyofunika kilele. Kisha akalichukua shanta la rafiki yake, akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni, akageuka kuelekea chini. Njiani alisema jambo moja tu: mama yake hakumwacha mtu nyuma siku ile ya kuvuka mpaka.

Walipofika Nyabitaba kichwa kilikuwa kimepoa, na mgonjwa aliomba chai.

Familia inayomruhusu kijana kusafiri kwa fedha kidogo na impe mambo matatu: nguo kavu, nauli ya kurudia, na idhini ya kurudi kabla ya kufika. Askari anajua kwamba kurudi nyuma kwa amri njema si kukimbia. Wawili hao sasa wanaweka akiba tena.