Kikinza au rezistansi?

Tangu Januari, kila Jumamosi ninakaa na daftari langu katika banda la fundi wa redio huko Katuba, Lubumbashi. Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu maneno ya mafundi, na papa fundi alinikubali kwa sharti moja: mikono yangu isikae bure. Basi tunaunda kitu pamoja, kengele ya kuwaarifu majirani kwamba kura imerudi.

Msomaji wa Dar es Salaam asishtuke. Kura hapa si uchaguzi, ni umeme: neno la Kifaransa lililovaa kitenge. Nayo mtaani kwetu hurudi saa inayotaka yenyewe, mara nyingi saa nane za usiku. Mama asiyeamka saa hiyo hapati maji ya pampu, na sare za watoto haziguswi na pasi.

Vifaa ni vichache: bodi ya Arduino, betri, chaja kuukuu ya simu, kengele ndogo. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi waliohitaji bodi ya bei nafuu, na ramani yake imeachwa wazi ili anayetaka ainakili na kuibadilisha. Betri inalisha bodi, chaja inaungwa kwenye mguu mmoja wa bodi. Kura ikirudi, chaja inatoa volti 5, mguu unasikia, kengele inalia. Tabu ni kwamba kura isipokuwepo mguu ule hauna pa kuegemea, na kengele hulia ovyo kama mlevi. Dawa yake ni kuufunga kwenye masi kwa rezistansi ya ohm 10,000.

Hapo ndipo tulipobishana. Katika karatasi ya maelezo niliandika “kikinza”, kutokana na kukinza, kitenzi kilichotupa pia ukinzani wa vitabu vya fizikia. Papa fundi akacheka.

“Mwana, utatuma mutoto ku soko alete kikinza? Atarudia na nini?”

Nikamjibu kwamba kikinza kinajieleza chenyewe, na rezistansi haimwambii mtoto lolote. Hakunijibu. Alichukua redio iliyokufa, akanionyesha mistari mitatu kwenye kijiti kidogo: rangi ya udongo, nyeusi, rangi ya chungwa. “Elfu kumi,” akasema. Hiyo ni sarufi, tena isiyohitaji Kifaransa wala Kiswahili.

Lakini mwanafunzi wake anaihitaji lugha. Ni binti aliyeacha shule mapema. Kiswahili anakisoma vizuri, Kifaransa kwa shida, Kiingereza hata kidogo. Ramani ya bodi iko wazi kwa dunia nzima, ila kwake imefungwa, na kufuli si bei. Sioni sababu ya kuuita wazi mlango ambao yeye hawezi kuupita.

Na Lubumbashi haikuingoja Italia. Jean Katambayi Mukendi, msanii aliyezaliwa hapa mwaka 1974 na kusomea umeme, anaunda mitambo kwa kartoni, waya na vipande vya vyombo vilivyotupwa. Yeye na wenzake walisuka hata umbo zima la gari la Tesla kwa waya wa mukuba. (Mukuba ndiyo shaba. Jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, lakini nyumbani bibi hakuacha kusema mukuba.)

Karatasi yetu sasa ina safu mbili: neno la soko kushoto, neno la vitabu kulia. Kwa ule mguu usio na pa kuegemea sikupata neno lolote, sokoni wala vitabuni. Binti ndiye aliyesema, bila kuinua macho: “Mguu unazurura.” Nimeliandika katika safu zote mbili.

Jumamosi ijayo tunaingia kwenye kapasita. Anasema neno lake analo tayari, ila haniambii mpaka nimalize kusude waya wa kengele.