Dago la magurudumu: barua kutoka Glasgow

Jamaa zangu wa Pemba,

Shangazi kanitumia ujumbe wa sauti, analia. Kuna mtu wa Wete kampelekea picha yangu nimekaa kwenye mlango wa gari, nimejitanda blanketi, nyuma yangu ziwa na mlima wenye theluji. Keshaamini kwamba nimefukuzwa nyumba. "Mwanangu, Ulaya yote hiyo umekosa hata banda la kulala?" Na mjomba, aliyelala dago, kambi ya wavuvi, kisiwani Misali tangu ujana wake, kaongeza lake: ati nimekuwa utingo.

Shangazi, futa machozi. Nyumba ninayo na kodi nalipa. Lile ni gari la kukodi lenye kitanda, jiko, sinki na choo, na watu wa huku hulilipia ili walale humo kwa raha zao. Kiangazi bei yake haishikiki na njia zimejaa. Ikiingia Novemba, bei inashuka, milima inabaki na kondoo, na watu kama mimi tunapata nafasi. Na wewe mjomba, hilo ni dago. Tofauti ni kwamba lako lina tanga na langu lina magurudumu.

Tofauti nyingine ndiyo iliyonifanya niandike. Mvuvi wa Kojani akiteremka ugenini humtafuta mzee wa bandarini, humwamkia, humweleza katoka wapi na atakaa bamvua ngapi. Kwa salamu hizo Wapemba wamelala pwani za watu kizazi baada ya kizazi, wengine wakaoa na kuzaa Kenya, hata mwaka 2023 serikali ya huko ikawatambua kuwa raia wake. Huku hakuna mzee wa bandarini. Kuna kibao.

Unafika gizani kwenye uwanja wa kuegesha kando ya ziwa, mvua inapiga ubavuni, unashuka na tochi kwenda kusoma kibao kilichoota ukungu. Kinakwambia kama kulala kunaruhusiwa, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na ada ni kiasi gani. Hakitaki kujua wewe mtoto wa nani. Huwezi kukibembeleza wala kukiletea halua. Siku za mwanzo niliona ni ukatili mtupu; siku hizi nakipenda, maana kikikubali kimekubali, na hakuna atakayekuja usiku wa manane kuniuliza nani kakuruhusu.

Kwa vijana mnaoniuliza kila siku mkija mfanye nini, shikeni haya. Mgeni huruhusiwa kuendesha Uingereza kwa leseni ya kwao kwa miezi 12, na tunapita kushoto kama nyumbani. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa mwenye miguu haki ya kupita na kupiga hema karibu kila mahali, lakini gari halimo. Msidanganywe na anayesema huku unalala popote. England, karibu kote, hata hema linataka idhini ya mwenye ardhi. Ujerumani dereva aliyechoka huruhusiwa kulala usiku mmoja barabarani ili apate nguvu za kuendelea, ila akitoa kiti na meza nje keshapiga kambi, na hiyo ni kesi nyingine. Kando ya Loch Lomond, sehemu nyingi zinataka kibali cha kupiga kambi kuanzia Machi 1 hadi Septemba 30. Nje ya miezi hiyo kibali hicho hakitakiwi, lakini vibao vya kila uwanja viko palepale. Njia nyembamba za milimani zina vituo vya kupishana. Msilale hapo hata kama usingizi umewaelemea.

Baridi nayo ina hesabu zake. Kambi nyingi hufungwa, na zilizo wazi huenda zimefunga mabomba yasipasuke kwa barafu, kwa hiyo pigeni simu kwanza na jazeni maji mapema. Gesi ya buteni hugoma kutoka baridi ikikaribia sifuri. Takeni mtungi wa propeni. Dirisha liacheni wazi kidogo, la sivyo asubuhi kuta zinachuruzika kwa pumzi zenu. Choo kina kisanduku chake, kimwageni panapohusika tu. Na seredani! Msithubutu kuwasha mkaa ndani ya gari, iwe kwa kupikia chapati au kuota moto. Kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala haamki. Nunueni king'ora chake kabla ya kununua kitu kingine chochote. Tena fikeni mapema: Desemba kule Inverness jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa unusu, hivyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana mguu kwa mguu.

Sasa nigeukieni, maana hapa nina ugomvi na nyinyi. Mgeni akija na gari lake la kulalia mpaka ufukwe wa Vumawimbi, kule Makangale, atasoma wapi? Kibao hakuna. Atawauliza vijana, nao watamjibu jibu letu lile: hapana neno, lala tu. Atamtafuta sheha, sheha yuko harusini Konde. Asubuhi atatokea mkubwa fulani kumuuliza kwa amri ya nani. Ukarimu wetu ni mkubwa, wallahi, lakini "hapana neno" si utaratibu. Na takataka tuziwekeje? Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini baada ya matembezi ya sikukuu, nendeni mkaone pwani imebaki na nini. Pipa hakuna, choo hakuna, halafu tunawasema wageni kwa kukosa adabu.

Na msinielewe kwamba nawalilia Wazungu. Ndugu zetu wa dago wanalala ufukweni msimu mzima, na wao pia wanastahili maji ya kunywa na choo.

Sheha wa Makangale na wenzako wa halmashauri, nawaombeni kitu kidogo: ubao mmoja wenye maandishi ya kusomeka, choo, pipa, saa za kukaa na bei isiyobadilika kwa sura ya mtu. Anzeni kabla ya kaskazi ijayo. Meli zinazobeba magari zinafika Mkoani, na wageni hawatangoja tumalize kikao.