Moyo Hunywa Unapolegea



Miaka miwili iliyopita, nikipanda ngazi za madrasa, kifua kilinibana kana kwamba nimefungwa kamba. Nikaketi. Watoto walidhani mwalimu wao anatafakari, kumbe ayaona mauti. Na kosa lilikuwa langu: nilikwisha pewa dawa za shinikizo la damu, nami nikaziacha kwa kuwa sikuona maumivu yoyote. Maradhi haya hayapigi hodi.

Hospitalini nilipimwa, nikakutwa na 180 kwa 110, hali ya kuwa mtu akipimwa mara kwa mara akaonekana na 140 kwa 90 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Mishipa mikubwa ya moyo ikapigwa picha, ikaonekana i wazi. Nikauliza, "Basi maumivu yatoka wapi, daktari?" Akajibu, "Katika mishipa midogo, mwalimu, ambayo picha hii haiioneshi."

Akanifahamisha kuwa moyo, ijapokuwa umejaa damu, haulishwi na damu ile. Hulishwa na mishipa yake yenyewe. Haya aliyaandika Ibn al-Nafis, tabibu wa Kiislamu aliyefariki Misri mwaka 1288. Moyo unapokaza ili kusukuma damu, huibana mishipa hiyo. Unapolegea, ndipo hunywa kwa wingi. Shinikizo likizidi kwa miaka mingi, nyama ya moyo hunenepa ikataka chakula zaidi, na kuta za mishipa midogo nazo hunenepa, njia ikawa nyembamba. Moyo ukienda mbio, muda wa kulegea hupungua, na njaa yake huzidi.

Maneno hayo yaliniingia. Mimi niliyedhani mapumziko ni uvivu, kumbe hata moyo hauishi bila ya mapumziko!

Sasa nameza dawa kila siku, nimeacha ng'onda na chumvi nyingi, naenda msikitini kwa miguu taratibu. Kabla ya Ramadhani humwendea daktari anipangie saa za dawa. Siamui peke yangu.

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kuwa mwili ni amana, nami mwenyewe nikaihini. Ewe mzazi, nenda ukapimwe, hata kama hujioni mgonjwa. Ni kufungwa mkono kwa dakika chache tu, na nyumbani wapo wakutegemeao.

Wassalaam.