Soja wa geti la API, na oda 23 zilizoenda mara mbili

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, kazi imenibana. Juzi msomaji mmoja aliniuliza ni huduma gani ya geti la API inayofaa biashara ya kawaida ya hapa Kenya. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikagundua siwezi kumjibu bila kusimulia aibu yangu. Basi leo naisimulia.

Kwanza kwa wale wasioandika programu. API ni mlango ambao programu moja hupitia kuomba kitu kwa programu nyingine. Geti ni soja anayekaa mbele ya milango hiyo yote. Anauliza wewe ni nani, anahesabu umepita mara ngapi, anakuonyesha nyumba unayotafuta, na mwenye nyumba asipofungua kwa muda fulani anakuambia urudi baadaye. Hilo la mwisho ndilo lililonitia matatani.

Mwaka wa 2023 nilimtengenezea mzee mmoja programu ya simu ya kupokea oda. Anauza vipuri kwa jumla kwenye Barabara ya Kirinyaga, ile wengi wetu bado tunaiita Grogan. Fundi aliye Nakuru au Kisii anachagua pedi za breki na filta kwenye simu, mzigo unapakiwa kwenye basi la usiku, na wateja wazoefu wanalipa mwisho wa mwezi. Stoki yote ilikuwa kwenye tarakilishi ya zamani chini ya kaunta. Mbele yake nikaweka geti la kukodi kwenye wingu, huko nje ya nchi. Nilijiona mjanja sana.

Mwisho wa Novemba ile tarakilishi ikawa inafunga hesabu za mwezi na kupokea oda kwa wakati mmoja. Ikalemewa. Geti likasubiri kama nusu dakika, likachoka, likarudisha jibu kwamba ombi limeshindikana. Programu yangu ikamwonyesha fundi maneno niliyoyaandika mwenyewe: "Jaribu tena." Naye akajaribu tena. Kumbe oda ya kwanza haikuwa imekufa, tarakilishi ilikuwa bado inaiandika taratibu. Asubuhi tukakuta oda 23 zimeandikwa mara mbili, na mizigo mingi ilikuwa imeshasafiri.

"Kijana," mzee akaniambia, "yaani huyu soja wako anamwambia mteja hakuna mtu nyumbani, na mimi niko ndani nafunga mzigo wake?"

Mizigo mingi ilirudi, michache haikurudi, na hiyo michache nililipa mimi. Kosa halikuwa la geti. Lilifanya kama maelezo yake yanavyosema, na mimi sikuwa nimeyasoma hadi mwisho.

Januari 2024 nikakaa chini kulinganisha upya, safari hii kwa uoga. Dola ilikuwa imefika takriban shilingi 160, kwa hivyo macho yangu yalikimbilia bei kwanza. Huko nilipoteza siku mbili bure. Mzee alikuwa na maombi kama 400,000 kwa mwezi. Amazon API Gateway, iliyozinduliwa 2015, ina aina mbili kuu. REST API hutoza dola 3.50 kwa kila maombi milioni moja katika kanda za Marekani, na HTTP API, iliyokuja baadaye, hutoza dola 1. Google API Gateway haitozi maombi milioni mbili ya kwanza kila mwezi, halafu ni dola 3 kwa milioni. Azure API Management, kwenye mpango wake wa kulipa kadiri ya matumizi, haitozi milioni ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe: kwa duka la vipuri, tofauti kati ya hizi zote haifiki dola mbili kwa mwezi. Ukipanda kwenye mipango ya Azure ya kulipia mwezi mzima ndipo unafika mamia ya dola, na Apigee, ambayo Google iliinunua 2016 kwa takriban dola milioni 625, ni ya mashirika yanayouza API zenyewe kama bidhaa. Kumwekea mzee Apigee ni kuajiri kampuni nzima ya ulinzi ilinde kioski.

Nikaacha bei, nikauliza maswali ambayo oda 23 zilinifundisha kuuliza. La kwanza: soja anasubiri kwa muda gani? REST API ya Amazon wakati ule ilikuwa na kikomo cha sekunde 29 na hakuna namna ya kukipandisha; kuanzia Juni 2024 unaweza kuomba kiongezwe kwa baadhi ya aina zake. HTTP API ni sekunde 30. Kong, ambayo ni programu huria ya tangu 2015 unayoweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, huja ikiwa na sekunde 60, na pia na mpangilio wa kujaribu tena mara 5. Nilipoona hiyo 5 nilitetemeka kidogo. Kwenye njia ya kuweka oda niliifanya 0.

La pili: soja anakaa wapi? Microsoft walifungua kanda ya Johannesburg 2019, Amazon wakaja Cape Town 2020, na Google wakafungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Inasikika karibu, lakini hebu fuata oda. Fundi yuko Nakuru, seva iko Nairobi, na ombi lazima lishuke mpaka Mombasa, lipite chini ya bahari hadi Afrika Kusini, liulizwe jina, kisha lirudi njia ileile. Ni kama kumpigia jirani simu kupitia kwa shangazi aliye ng'ambo. Tena mipaka ya kawaida ya Cape Town ni midogo: maombi 2,500 kwa sekunde, wakati kanda kubwa zina 10,000. Kwa mzee hilo halina maana, lakini kwa kampuni ya tiketi siku ya kukimbilia mashambani Desemba, lina maana sana.

La tatu ndilo nililolidharau: nani anaamka usiku?

Nilichagua Kong, kwenye seva ya kukodi hapahapa Nairobi, ambako trafiki ya ndani inaweza kubadilishana kupitia KIXP bila kuvuka bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuchechemea kwa siku kadhaa. Jumatatu oda za mzee ziliingia kama kawaida. Barua pepe zake zilikwama, video za wajukuu zilikwama, lakini pedi za breki zilienda Kisii. Sitaki kujisifu, bahati ilikuwapo pia. Ingekatika nyaya ya Nairobi penyewe, ningekuwa naandika makala nyingine.

Na tena sikukaa nikicheka muda mrefu. Miezi miwili baadaye, Jumamosi, nikiwa kwenye ruracio ya binamu yangu huko Murang'a, cheti cha usalama cha geti kiliisha muda. Simu zote za mafundi zikakataa kuzungumza na seva. Kwenye huduma za kukodi wenye huduma wanaweza kukuhuishia vyeti wenyewe. Kwangu mimi kazi hiyo ilikuwa ya kijana mmoja aliyekuwa ameshika sahani ya nyama. Nilirekebisha kwa simu nikiwa nimekaa nyuma ya tenti, saa moja na nusu, huku shangazi akiuliza kama ninaumwa.

Oda mbilimbili, hata hivyo, hazikuzuiwa na Kong. Kilichozizuia ni mistari kama 40 ya msimbo. Sasa simu inaipa kila oda namba ya kipekee kabla ya kuituma, na fundi akibonyeza tena inatumwa namba ileile. Seva ikiikuta namba hiyo daftarini hairudii kuandika, inajibu tu kwamba oda ilishapokelewa. Hakuna geti nililolipima ambalo lingenifanyia hivyo bila mimi kuandika, la bei nafuu wala la mamia ya dola. Yale maneno ya "Jaribu tena" niliyafuta, nikaandika "Subiri kidogo, tunaangalia kama oda yako imefika."

Sasa mzee ameniletea jambo jipya. Kampuni ya bima inataka kusoma bei za vipuri vyake moja kwa moja, nayo inataka ufunguo wake, kikomo chake na ripoti ya kila mwezi. REST API ya Amazon ina funguo na mipango ya matumizi tayari. HTTP API haina. Azure nao wanazo. Kusoma bei mara mbili hakumwumizi mtu, kwa hivyo kwa mlango huo nimeshawishika kukodi soja wa mbali na kumwacha Kong abaki na oda. Nilimweleza mzee kwamba tutakuwa na soja wawili.

"Sawa," akasema. "Na huyo wa pili, nikimpigia Jumamosi, atashika?"